Njia Isiyo na Mgongo

Mlimani kwao walimwita Hapo Tu, na jina hilo alipewa na wageni, tena wageni waliokuwa wanahema. Miaka yote aliyowaongoza watu kupanda, kila aliyemuuliza kama bado ni mbali alijibiwa kwa sauti ileile ya mtu anayekuonyesha mlango wa jirani: "Ni hapo tu." Ukimwamini unaongeza mwendo, unakata kona, unakutana na kona nyingine. Unamuuliza tena. "Si nimekwambia ni hapo tu?" Mstaafu mmoja wa benki aliwahi kusema mbele ya kundi zima kwamba mama huyu angefaa kupeleka watu jehanamu, maana wangefika huko bado wana matumaini.

Wala hakuwa mwongo, na hapo ndipo watu walipomwonea. Kwake yeye ilikuwa kweli ni hapo tu. Alijifunza kutembea kwenye mteremko, akachumbiwa kwenye mteremko, na akishuka mjini kwenye barabara za tambarare ndiko miguu ilikomuuma. Sasa alikuwa amevuka hamsini, amepewa usimamizi wa njia zote za mlima, ana ofisi ya mbao penye maegesho ya magari, ana makopo ya rangi na brashi zake mwenyewe, na ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu jiwe gani lipakwe alama gani. Cheo kilimkaa sawasawa, kama nguo ya kushonewa, naye alilijua hilo.

Njia zilikuwa mbili. Nyekundu ilikwenda kileleni, ya watu wenye mapafu na ubishi. Manjano ilizunguka msitu wa misonobari ikapita mtoni, ya watu wenye viatu vizuri na siku nzima ya kupoteza. Mezani pa mapokezi alikaa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, ambaye hakuhitaji kumuuliza mtu lolote. Alichungulia viatu vya mgeni, akasikiliza anavyohema baada ya kupanda ngazi za ofisi, akamkabidhi ramani. "Wewe manjano," alisema. Au: "Wewe nyekundu, ila mwenzako abaki hapa tunywe chai."

Waliobaki kunywa chai walikuwa wengi siku zote, na hakuna aliyewahi kuwajali. Mwaka huu Hapo Tu aliwajali. Alikata njia ya tatu, ya kijani, kwa ajili ya wazee, wajawazito, wenye magoti mabovu na kila mtu aliyeambiwa na daktari apunguze mambo. Alisawazisha udongo, akajenga daraja lenye vishikio pande zote mbili, akapanga mabenchi. Njia ilipanda mpaka kwenye kibaraza cha mwamba, pale mlima unapojitokeza kama upenu wa nyumba na bonde lote likawa chini ya miguu yako, ndipo ikashukia upande wa pili. Mbele ya kamati ya njia alizungumzia huduma kwa jamii, akazungumzia utalii, akazungumza vizuri mno, na kamati ikapiga makofi. Wifi yake peke yake ndiye aliyejua kwamba yote hayo yalikuwa geresha. Njia ile ilikatwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Baba Pacha, mume wa Hapo Tu. Ujanani ndiye aliyepaka alama zote za nyekundu, na ndiye aliyemchumbia mkewe pale kwenye kibaraza, wote wawili wakiwa na mizigo ya watu mgongoni. Tangu hapo, kila wageni walipokwisha kuondoka, walipanda kukaa pale, wakati mwingine bila kusemeshana hata neno. Halafu mwaka jana moyo wake uligoma alipokuwa ameinama kufunga kamba za viatu. Alipasuliwa, akashonwa, akarudi nyumbani. Daktari alimwambia atembee kila siku, taratibu, na akichoka apumzike. Katika maneno yote hayo yeye alisikia moja tu, apumzike, na alipumzika kwa bidii. Alikaa barazani na darubini, akiwachungulia wageni wa watu huko mlimani na kuwakosoa wanavyoshika fimbo.

Hapo Tu alimkumbuka. Aliishi naye nyumba moja, alilala naye kitanda kimoja, na bado alimkumbuka, kwa sababu mwanamume aliyemwoa alikuwa mtu wa mlimani, na huyu wa kwenye kiti alikuwa kama mpangaji mwenye adabu. Alitaka kitu kimoja tu duniani: akae tena na mumewe kwenye kile kibaraza. Mengine yote alikuwa nayo.

Sasa lazima ujue mambo mawili kuhusu mlima ule. La kwanza, njia haipewi rangi mpaka itembewe na mtu wa rangi hiyo. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya Hapo Tu mwenyewe, baada ya kutangaza kwamba manjano ni ya kupeleka watoto wa chekechea. Kwa hiyo kijani ilihitaji mpimaji, mtu asiyeweza manjano, na kamati ilikuwa imemchagua fundi cherehani mmoja mstaafu mwenye goti bovu.

La pili, mlimani pale njia hairudiwi. Unapanda huku, unashukia kule. Ni desturi ya zamani za mizigo, njia zilipokuwa nyembamba na watu wawili wenye magunia hawakuweza kupishana bila mmoja kuingia bondeni. Watoto walikua hivyo, na mpaka leo mtu akigeuka katikati ya njia anajisikia kama aliyeingia nyumba ya watu kwa mlango wa jikoni. Wageni hawakuyajua hayo. Mara kwa mara mgeni wa manjano alipotea na kuibukia kwa mfuga nyuki, kwenye mizinga, na wifi akalazimika kupiga simu atafutwe. Hapo Tu alikuwa na maelezo yake tayari. "Hawana macho hawa," alisema. "Alama nimepaka kubwa kama sahani."

Siku mbili kabla ya ufunguzi, fundi cherehani alilala na homa.

Hapo Tu alirudi nyumbani mchana huohuo, viatu vina tope, akasimama mbele ya kiti cha mumewe na kumzibia darubini kwa tumbo lake.

"Sogea, Mama Pacha. Kuna mtu ameshika fimbo kama anakoroga ugomvi."

"Fundi anaumwa. Nataka mpimaji."

"Pole yake."

"Nakutaka wewe."

Baba Pacha alishusha darubini taratibu. Alikuwa na mabega mapana bado, ila shati lilikuwa limeanza kumpwaya. "Mimi?" alisema. "Mimi niliyepaka nyekundu? Unataka nipite njia ya watoto wachanga, watu wakinipigia makofi kila nikiinua mguu?"

"Hakuna atakayekupigia makofi."

"Dada yangu atapiga."

Hilo lilikuwa kweli, na Hapo Tu hakulibishia. Alijaribu njia nyingine. "Baba Pacha, sikiliza. Ni njia laini. Daraja lina vishikio. Kibaraza chenyewe ni hapo tu."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Mumewe alicheka, lakini macho hayakucheka. "Maneno hayo waambie wageni," alisema. "Mimi nimeyasikia ukiyasema miaka yote nikiwa nyuma yako nimebeba mizigo yao." Akarudisha darubini machoni, na darubini ilikuwa inatazama ukuta.

Hapo Tu aliingia ndani, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki kabisa, lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyomchosha. Akiahirisha ufunguzi kwa kukosa mpimaji, ataifungua njia mwezi ujao. Lakini mume akizoea kiti mwezi mwingine, atakitoka lini?

Asubuhi iliyofuata alikuwa ofisini na wifi yake wakipanga viti vya ufunguzi ambao hawakuwa na hakika utakuwepo. Simu ya mezani ililia. Wifi alibonyeza spika kwa sababu mikono ilikuwa imejaa viti.

"Dada, ni mimi," ilisema sauti ya Baba Pacha. "Usimwambie mtu. Hasa unajua nani."

Hapo Tu alifungua mdomo. Wifi alimkanyaga mguu.

"Simwambii mtu, kaka," wifi alisema, akimtazama wifi yake usoni. "Nipo peke yangu kama kidole. Una nini?"

"Niko kwa mtu wa nyuki."

"Umefikaje kwa mtu wa nyuki?"

Nyuki wakasikika kwanza. "Nimetembea ile kijani," alisema. "Nimepotea."

Wifi alikaa juu ya kiti kilichokunjwa, kikateleza, akabaki chini. Mwanamume aliyepaka nyekundu alikuwa amepotea kwenye kijani. Angetaka kucheka mpaka jioni, lakini alipomtazama Hapo Tu aliona rangi imemtoka, akajua huu si wakati wake. "Kaa hapo hapo, kaka," alisema. "Namtuma mtu." Alipokata simu, Hapo Tu alikwisha kufika mlangoni.

Hakukimbia, kwa sababu mtu wa mlimani hakimbii, lakini alitembea mwendo ambao wewe na mimi tungeuita kukimbia. Njiani alijiuliza maswali. Amekwenda peke yake? Na moyo ule? Kama angeanguka nyuma ya misonobari, nani angemwona, mtu mwenye darubini alikuwa yeye mwenyewe! Alimlaani, akamwombea, akamlaani tena.

Alimkuta amekaa juu ya mzinga mtupu, amevaa kofia ya wavu ya mfuga nyuki, mikono magotini, mnyoofu kama anapigwa picha. Uso ndani ya wavu ulikuwa na jasho, lakini rangi yake ilikuwa nzuri, rangi ambayo Hapo Tu hakuwa ameiona tangu hospitali. Mfuga nyuki alimpa Hapo Tu heshima zake akaenda kushughulika na mizinga ya mbali, maana alikuwa na mke pia na alijua kinachokuja.

"Dada yangu hana siri," alisema Baba Pacha.

"Ulitaka kufa?"

"Nilitaka kutembea bila kutazamwa. Nikatembea. Daraja nimevuka. Benchi la kwanza nimelipita, sikukaa. La pili nimekaa." Alisema hayo kwa fahari isiyofichika. "Nikasema, leo inatosha. Nikageuka."

"Ukageuka?" Hapo Tu alishangaa kuliko alivyoshangaa kuhusu moyo. "Njia hairudiwi. Ungeendelea, ukashukia upande wa pili."

"Ningeendelea na nguvu za nani?"

Hapo Tu alilitazama lile jasho ndani ya wavu.

"Nikageuka," aliendelea mumewe, akivua ile kofia, "nikafika penye njia tatu. Moja ya kwako, moja ya mbuzi, moja ya wakata kuni. Nikatafuta alama. Mti, hakuna. Jiwe, hakuna. Nikazunguka lile jiwe, nikaikuta. Kubwa kama sahani, kama unavyosema. Imetazama kule ninakotoka. Mama Pacha, alama zako zote zinamtazama anayepanda. Njia yako ina uso, haina mgongo."

"Na nyekundu je? Nyekundu uliipaka wewe, na alama zako zinatazama wapi?"

"Kulekule. Ndiyo maana nimekaa hapa sipigi kelele."

Alitaka kumbishia. Maneno yalikuwepo, yamepangwa tayari, yale ya wageni wasio na macho. Lakini mbele yake alikuwa mtu mwenye macho, mtu aliyemfundisha kushika brashi, na yeye pia ameibukia kwenye mizinga.

"Aliye na nguvu harudi," alisema Baba Pacha, sasa kwa upole. "Anazunguka, anamaliza. Anayerudi ni aliyechoka. Sasa wewe umekata njia ya waliochoka, ukaweka vishikio, ukaweka mabenchi, mambo mazuri. Ukasahau kitu kimoja tu tunachokifanya. Umenipangia kwenda, hukunipangia kurudi."

Hapo Tu alikaa juu ya mzinga wa pili bila kuuliza kama una wenyewe. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliwakumbuka wale wote wa manjano walioletwa na mfuga nyuki, na jinsi alivyowachekea. Halafu alimwona mumewe penye njia tatu, mkono kifuani, anazunguka jiwe lililopakwa na mkewe, na machozi yakamtoka. Hakuyafuta. Hakuwa mtu wa kujificha, hata katika hilo.

Lakini wala hakuwa mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Alipenga kamasi, akasimama. "Rangi ipo," alisema. "Unaweza kutembea mpaka lile benchi tena, au nikakuletee chai kwanza?"

"Chai kwanza," alisema mpimaji.

Walipaka mchana kutwa. Mwanzoni Hapo Tu alikwenda kama alivyozoea, akachagua mti mzuri, akainua mkono, akapaka alama juu pale macho yake yanapofika. Mumewe alisimama nyuma akitikisa kichwa.

"Hiyo siioni."

"Huioni vipi? Iko mbele ya pua yako."

"Pua yangu inatazama chini, Mama Pacha. Mtu akichoka hatazami miti. Anatazama viatu vyake."

Basi wakabadilisha kazi. Walipanda mpaka benchi la pili, wakapumzika kwa kisingizio cha kukoroga rangi, halafu Baba Pacha akaanza kushuka kwa mwendo wake, polepole, macho ardhini, na mkewe akamfuata na kopo. Kila alipoinua kichwa kutafuta, hata kidogo, hata bila kujua, mkewe alisema, "Hapa," akachuchumaa akapaka jiwe lililokuwa chini ya macho yale, usawa wa goti. Kazi ya ajabu! Alikuwa hajawahi kumtazama mtu akishuka. Maisha yake yote watu walikuwa nyuma yake. Sasa aliuona mgongo wa mumewe, akaona bega la kulia linavyolegea kabla hajachoka hasa, akajifunza kusimama kabla hajaambiwa. Penye njia tatu alipaka alama mbili, moja juu ya nyingine, na chini yake akachora mshale mnene.

"Huo hata dada yangu atauona bila miwani," alisema Baba Pacha.

Lilibaki benchi la tatu. La kwanza na la pili yalikuwa yamekwisha kutiwa saruji miguuni. La tatu lilikuwa limesimama kwa muda tu pale miti inapokwisha, kabla ya kipande cha mwisho cha kupanda kwenda kibarazani, na mfuko wa saruji umelala kando yake. Hapo Tu alipaka alama za kutoka pale mwenyewe jioni, mumewe alipokwisha kulala, na alipaka chini, usawa wa goti. Alikitazama kile kipande cha mwisho. Kilikuwa na ngazi za mawe alizozipanga kwa mikono yake. Alizipanda akashuka. Ni hapo tu, alijiambia. Kesho atafika.

Asubuhi ya ufunguzi walikuja watu kuliko viti. Walikuja walimu wastaafu na kofia zao, akaja mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akaja yule mstaafu wa benki, sasa ana mkongojo. Fundi cherehani alikuja na homa yake kutazama tu. Wifi aliwachungulia viatu wote kwa mazoea, akagawa ramani. "Kijani, kijani, wewe kijani, na wewe usijidanganye, kijani." Halafu akatangaza kwa sauti kwamba mpimaji wa leo ni kaka yake, na akapiga makofi peke yake mpaka watu wakamfuata. Baba Pacha alimtazama mkewe kumwonyesha kwamba aliyatabiri hayo.

Walipanda. Mpimaji alikwenda mbele kwa sababu sheria inasema mwendo ni wake, na Hapo Tu alitembea ubavuni pake akizuia miguu yake isimkimbie. Walivuka daraja. Benchi la kwanza Baba Pacha alikaa, safari hii bila aibu, na wengine wote wakakaa kwa furaha, kwenye benchi, kwenye mawe, kwenye mizizi. La pili walikaa tena. Mstaafu wa benki alisema hii ndiyo njia ya kwanza ya mama huyu ambayo ametembea akiwa na akili zake. Watu walicheka, na Hapo Tu alicheka kuliko wote.

Kutoka la pili kwenda la tatu mazungumzo yalipungua. Bega la kulia la Baba Pacha lilikuwa limelegea. Hapo Tu aliliona mapema, akasimama kutazama ua ambalo halikuwa na lolote la kutazamwa. Akasimama tena kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa. Walifika benchi la tatu, na mumewe akakaa kwa uzito, akaweka mkono gotini, akatazama juu. Kibaraza kilionekana. Ukingo wake ulikuwa pale juu ya ngazi, una jua, mtupu, kama mtu amekifagia.

Kundi lilingoja. Baba Pacha alihema, akameza mate, akamgeukia mkewe. Kisha akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza hata siku moja katika miaka yote ya mizigo.

"Mama Pacha, bado mbali?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limekaa pale maisha yake yote, limelainika kwa kutumiwa, na alijua kabisa litafanya nini. Akisema tu, mume huyu atasimama. Atapanda kwa ubishi, atafika, watakaa pale juu wawili, bondeni kutakuwa kama zamani. Hicho ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote. Aliutazama ule ukingo wenye jua. Akalitazama lile bega.

"Ni mbali," alisema Hapo Tu.

Nyuma yao wifi aliangusha ramani.

"Kuna ngazi," aliendelea, "nilizipanga mimi, ni nyingi. Halafu kuna kupanda kwingine ambako kutoka hapa hukuoni. Ukifika huko hutakuwa na nguvu za kurudi. Kwa leo, ni mbali."

Baba Pacha alimtazama. Uso wake ulibadilika polepole, ukawa uso wa yule kijana mwenye gunia mgongoni aliyewahi kumwambia jambo pale juu. "Basi," alisema, "mpimaji anatoa rangi. Kuanzia chini mpaka kwenye benchi hili, kijani. Kijani safi, nitabishana na yeyote. Kuanzia hapa kwenda juu, manjano."

Watu walipiga makofi, safari hii wenyewe. Kulikuwa na wenye nguvu kidogo waliotaka kuendelea, na Hapo Tu aliwaruhusu wapite, akawaonyesha ngazi. "Ni mbali kiasi gani?" mwalimu mmoja alimuuliza. "Uliza magoti yako," alimjibu, na akakaa kwenye benchi kando ya mumewe.

Walipokwisha kupumzika walisimama na kugeuka. Hapo Tu alikuwa hajawahi kugeuka katikati ya njia tangu azaliwe, na hatua ya kwanza aliiona ngeni miguuni. Kisha akainua macho. Kumbe kati ya misonobari kulikuwa na nafasi, na ndani ya nafasi hiyo nyumba yao ilionekana, ndogo, na barazani kuna kiti kitupu. Miaka yote alikuwa ameipa mgongo. Alimwonyesha mumewe, na mumewe akacheka kicheko kikubwa mpaka ikabidi asimame.

Chini yao, usawa wa goti, jiwe la kwanza la kurudi lilikuwa na alama yake ya kijani, bado inanukia rangi. Baba Pacha aliigusa kwa ncha ya fimbo kuhakikisha imekauka. Kisha alilitazama lile benchi nyuma yao, na ule mfuko wa saruji, na ule ukingo wenye jua pale juu.

"Benchi hili," alisema, "usilitie saruji."

"Kwa nini?"

"Wiki ijayo tutalisogeza."